Kamba ya Mafundo Sabini na Tisa

Alizaliwa mwaka wa meli ya tatu. Ndivyo wazee wa kisiwa walivyohesabu, kwa kuwa kabla ya meli ya kwanza hakuna aliyeona haja ya kuipa miaka namba, na baada yake kila ndoa na kila msiba ulipimwa kwa meli. Kisiwa chenyewe ni kidogo. Mtu akitoka asubuhi kwa mwendo wa kawaida, akasalimiana na kila anayemkuta, anakizunguka chote na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Bara ni safari ya siku sita. Baba yake alikuwa mmoja wa waliojenga tanuri la kwanza la kukaushia nazi ziwe mbata, akaunguza nyusi zake zote siku lilipowashwa, na watu walimtania kwa hilo mpaka anaingia kaburini. Mama yake alikuwa msokota kamba. Alifukia makumbi ya nazi kwenye tope la ufukoni, akayaacha miezi mpaka yaoze, akayafukua, akayaponda kwa rungu, akayasuuza, ndipo akasokota nyuzi juu ya paja lake. Kazi hiyo inanuka, nani asiyejua, na wasokota kamba walitengewa mahali pao mbali na nyumba. Mtoto alikulia ndani ya harufu hiyo, na alipofika miaka kumi kamba yake ilikuwa imara kuliko ya mama yake. Wakamwita Kamba, kwa utani, na alipozaa wakamwita Mama Kamba. Jina lake la ubatizo limo kitabuni kwa wino mzuri, lakini hakuna aliyewahi kumwita kwa jina hilo, na sisi tutafuata watu wake.

Kampuni ilikuja kisiwani kwa ajili ya mbata. Serikali ikaja kwa ajili ya Kampuni, ikapandisha bendera na kuondoka siku ya pili, ikamwachia Wakala wa Kampuni funguo za kila kitu. Padri alishuka kutoka meli ile ile iliyoleta bendera, na ni haki kusema kwamba yeye hakuja kwa ajili ya mbata. Lakini watu waliona mlango mmoja ukifunguka na wote watatu wakitoka humo, na kwa miaka mingi hawakuweza kuwatenganisha. Msichana Kamba, wakati huo ana miaka kumi na mitano, alimwendea Padri mbele ya watu akamuuliza, "Huyo Mungu wako anaijua kazi ya makumbi?" "Sijui," Padri akasema. "Nifundishe mimi kwanza, nitajua namna ya kumweleza." Basi mtu yule, na kanzu yake nyeupe, akakaa juma zima na wasokota kamba, akiponda makumbi yaliyooza mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mwisho wa juma alinuka kama wao. Kamba alibatizwa mwaka huo, wa kwanza katika ukoo wake, na alisema baadaye kwamba hakushindwa na mahubiri, alishindwa na yale malengelenge.

Kanisa lilipokwisha kuezekwa, Kampuni ilitoa zawadi ya kengele. Zawadi hiyo ilikuwa na sharti. Kengele italia kwa ajili ya sala, na italia pia meli itakapoonekana, ili watu waache mashamba na kushusha mbata gatini bila kuchelewa. Padri alikubali, maana kengele alikuwa anaitamani, na tusimhukumu mno kwa kuwa na sisi tungekubali. Kengele ilifika bila kamba, ile iliyokuja nayo ilikuwa imeoza kwa maji ya bahari, na nani wa kusokota nyingine kama si Kamba? Alisokota kamba nene ya makumbi, ndefu kupita kiasi, ziada yake ikajikunja sakafuni mwa mnara. Kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyejua uzito wake, Padri akamkabidhi kazi ya kuipiga. Kulikuwa na milio mitatu: wa polepole kwa sala, wa haraka kwa meli, na wa tatu, wa kupishana, kwa sikukuu. Watu walisema kwamba mlio wa sikukuu ukitoka mikononi mwake hata mgonjwa anatafuta viatu.

Aliolewa na mchonga mitumbwi, mtu mpole aliyekuwa akicheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake mwenyewe. Pamoja na mume alipata wifi, dada wa mume, mfua nazi ambaye hapakuwa na mwanamume kisiwani aliyemshinda kasi kwenye kifuo, ule mti uliochongoka wa kufulia nazi. Wawili hao walipendana toka siku ya kwanza. Uani kwao palikuwa pamoja, kisima kimoja, ndoo moja, na makumbi aliyoyavua wifi kwenye nazi ndiyo aliyoyafukia Mama Kamba. "Wifi," mfua nazi alikuwa akimwambia, "ukisokota ngumu namna hiyo, kaka yangu hatatoka tena nyumbani." Naye hujibu, "Basi wewe mfue, mimi nimfunge." Wifi alijaliwa watoto wanne, Mama Kamba binti mmoja, na watoto wote watano walikula sahani moja. Hiyo ndiyo miaka ya furaha ya maisha yake, na tumeiandika hapa kwa ukamilifu kwa sababu haikuwa mingi.

Sasa tunafika penye maumivu, na msomaji anahitaji kujua mambo mawili. La kwanza, watu wa kisiwa hawakuacha mgeni ashuke peke yake. Kila mkazi alipanga mstari ufukoni ampe mkono, mmoja baada ya mmoja, hata mtoto wa mgongoni mkono wake ulishikishwa. Padri aliipenda sana desturi hiyo, akaihubiri. La pili, kila sikukuu kubwa Padri alitundika mlangoni mwa kanisa kitambaa cha manjano, akiwaeleza kwamba hiyo ni rangi ya Baba Mtakatifu. Kisiwani hapakuwa na manjano nyingine ya kitambaa. Mwaka ule watu walikuwa wamemngoja Askofu kwa miaka minne, aje awape Kipaimara. Padri alikuwa amelala na homa, hajui kama ni asubuhi au jioni. Mama Kamba akapanda mnarani, akaona meli inaingia, na juu ya mlingoti wake bendera ya manjano tupu. Angejuaje? Mabaharia wote duniani wanajua kwamba bendera ile inasema tuna ugonjwa, msitukaribie. Yeye aliona sikukuu. Alidhani Askofu amefika, akashika kamba kwa mikono miwili akapiga mlio wa sikukuu kwa nguvu zake zote, akilia kwa furaha.

Watu walivaa nguo za Jumapili. Hawakungoja ufukoni, walipanda mitumbwi wakaifuata meli, wakapanda ngazi zake huku wakiimba, wakawapa mikono mabaharia wote, pamoja na wale waliokuwa wamelala sitahani na macho mekundu. Nahodha alipiga kelele kwa lugha yake, wao wakadhani anawaitikia. Mtu mmoja kisiwani aliijua bendera ile, naye ni Wakala. Alikuwa kibarazani kwake, alikuwa na darubini, na mvua zilikuwa zinakaribia na mbata iko ghalani. Hakusema neno. Ugonjwa ulikuwa surua, ambayo kwingine watoto huugua na kupona, lakini kisiwa kile kilikuwa hakijawahi kuiona, ikakamata wazee na watoto kwa pamoja mpaka hapakuwa na wa kumpelekea mwenzake maji. Kwa wiki saba walikufa watu themanini na watatu katika watu mia nne. Mchonga mitumbwi alikufa wiki ya tatu. Watoto wanne wa wifi walikufa ndani ya siku sita, mkubwa kwanza, kitinda mimba mwisho. Binti wa Mama Kamba, mwenye miaka saba, aliugua, akapona.

Siku Padri alipoweza kusimama, Mama Kamba alimfuata sakristiani kwa kitubio. Yaliyosemwa ndani ya kitubio hatuyajui. Tunayoyajua ni yale aliyoyasema mlangoni akitoka, maana katekista alisikia. Padri alimwambia kwamba hana dhambi, kwamba kutojua si dhambi, akamsihi aendelee kupiga kengele kwa sababu akiacha watu watasema Mungu ndiye aliyewaita wafe. Mama Kamba akajibu, "Nitapiga, Padri. Lakini nataka kila nikivuta niwaguse." Akapanda mnarani, akaanza kufunga mafundo kwenye kamba ya kengele, fundo moja kwa kila aliyezikwa, kwa mfuatano wa maziko, akitaja jina. Ziada ile iliyokuwa imelala sakafuni ilitosha na kubaki. Kuanzia siku hiyo kengele ya kanisa lile ilipigwa na mikono inayopita juu ya wafu themanini na watatu, asubuhi, mchana na jioni. Viganja vyake vilichubuka, vikapona, vikawa vigumu kama ngozi ya kiatu. Alijiwekea pia sheria: haitalia kwa meli yoyote kabla yeye hajapanda mwenyewe na kuutazama mlingoti.

Wifi aliacha kusema naye. Hakumtukana, hakumshitaki, hakumgeuzia watu. Alifunga tu mdomo, na kwa kuwa ua ni mmoja, kisima kimoja na ndoo moja, walipishana kila siku wasisemezane. Mama Kamba akiamkia, wifi aliendelea kufua nazi. Binti, mtoto kama mtoto, alicheza peke yake uani palipokuwa na watoto watano, akiimba nyimbo za mchezo wa wengi. Wifi alikuwa akimtazama, kisha anaingia ndani. Mama Kamba alivumilia hilo miaka miwili. Masista wa bara walipoandika kwamba wanapokea wasichana shuleni kwao, alimpeleka mwanawe, mtoto wa miaka tisa, wa pekee. Jirani mmoja alimuuliza ana moyo gani. "Siwezi kumchezesha wangu mlangoni kwake," akasema. Hakumwona tena kwa miaka kumi na sita.

Katika miaka hiyo ndipo utakatifu wake ulipokomaa, ingawa yeye angeshangaa kusikia neno hilo. Aliosha wagonjwa ambao ndugu zao waliwaogopa. Alisokota kamba za visima vya wajane bila kuulizwa. Kila alfajiri aliijaza ndoo ya wifi kabla ya yake, akaiweka mlangoni, na kila alfajiri wifi aliyamwaga yale maji kwenye mgomba na kwenda kujichotea. Miaka kumi na minane mgomba ule ulistawi kuliko yote kisiwani, na watu walishindwa kuamua wacheke au walie. Wakala wa kwanza aliondoka, akaja wa pili, mtu wa haraka zaidi, aliyemwita mchawi wa mnarani kwa kuwa alimcheleweshea meli kwa kutazama milingoti. Padri alizeeka. Mama Kamba alipokea Komunyo kila Jumapili akiwa wa mwisho kwenye mstari, na alipoulizwa kwa nini, alisema anangoja wanaomtangulia wote wapite. Wengi hawakumwelewa. Alikuwa na neno moja tu la kumwomba Mungu, na katekista alilisikia mara nyingi akipita chini ya mnara: "Wifi aniite tu. Hata kwa hasira."

Mwaka wa kumi na nane tangu surua, asubuhi ya Jumanne, meli ilionekana. Mlingoti ulikuwa safi, hauna bendera yoyote zaidi ya ile ya Kampuni. Nahodha alikwisha kusikia habari za mwanamke anayetazama milingoti, na kwa kuwa hakutaka kurudi bila mbata, aliteremsha manjano yake usiku wa jana yake. Chini ya sitaha kulikuwa na ndui. Mama Kamba alitazama, akaridhika, akashika kamba. Ndipo alipoona kwenye ukingo wa meli, upande wa nyuma, kitu kidogo cha manjano. Hakikuwa bendera. Kilikuwa kilemba, kimefungwa kwenye chuma, na aliyekifunga alikuwa amesimama kando yake, mwanamke kijana aliyevaa nguo nyeupe za wauguzi. Binti alikuwa anarudi nyumbani. Alijua ndani ya meli kuna nini, alijua mama yake atatafuta rangi gani, na alijua kwamba akiifunga hatakanyaga kisiwani. Aliifunga. Mama Kamba aliachia kamba, kengele ikalia mlio mmoja tu, ikanyamaza.

Aliifungua kamba kutoka kwenye kengele, akashuka nayo begani mpaka gatini, akaikaza kutoka mwamba wa kushoto mpaka nguzo ya kulia, akasimama mbele yake. Watu walikuwa tayari wanateremka, maana moshi wa meli haufichiki, na vijana waliozaliwa baada ya surua walikuwa na hamu ya wageni. Wakala alifika akiwa na karani na askari wawili. "Mama, ondoa kamba," akasema. Naye akajibu, "Hapa wamesimama watu themanini na watatu. Wewe ukiweza kuwaruka, ruka." Wakala akawaamuru askari. Askari wa kwanza alisogea, akaishika kamba, kidole chake kikakutana na fundo, na hapo akakumbuka kwamba mojawapo ni la mama yake. Akarudi nyuma. Ndipo watu walipomwona mfua nazi anakuja, na shoka lake la kazini mkononi. Wote wakampisha, wakidhani amekuja kuikata. Alipita katikati yao bila kumtazama mtu, akasimama upande wa pili wa gati, kwenye nguzo, mgongo wake ukiwa umeegemea kamba. Hakusema kitu. Lakini hakuna aliyepita, na Wakala alirudi kibarazani kwake.

Meli iliwashusha wagonjwa kwenye kisiwa kidogo cha mchanga kilicho mbele ya gati, penye banda la kuhifadhia nyavu, kisha ikang'oa nanga na kuondoka. Walikuwa watu kumi na mmoja, mabaharia tisa, mpishi wa meli, na binti ambaye alikuwa amewauguza njiani na sasa alikuwa na vipele usoni. Mama Kamba akainama, akapita chini ya kamba yake mwenyewe. Padri, mzee sana, alimwita arudi. Naye akajibu, "Padri, nilipopiga kengele niliwaita wote. Leo nimeitwa mimi." Akaingia majini, maji yakiwa yamekupwa mpaka kifuani, akavuka.

Habari za siku zile tumezipata kwa mpishi wa meli, ambaye alipona, akabaki kisiwani mpaka kufa kwake na alikuwa hawezi kuzisimulia akiwa amekaa. Alisema mama na binti hawakuongea mengi. Binti alimwuliza kama ua bado upo, na mama akamweleza ua wote, mlango kwa mlango, mpaka ndoo. Alimwuliza shangazi yake hajambo. Mama akasema hajambo, ana mgomba mzuri. Binti alikufa siku ya tano. Mama Kamba alimchimbia kaburi kwenye mchanga kwa kipande cha ubao, peke yake, maana waliobaki hawakuweza kusimama, kisha akarudi bandani kuwapa maji. Hakuna aliyemsikia analia mpaka jioni, alipokwenda kusuuza nguo nyeupe za binti, akazikamua, akajikuta hajui azianike kwa ajili ya nani.

Kila siku, maji yakikupwa, wifi alileta chakula. Alivuka nusu ya njia, akakiweka juu ya jiwe lililo katikati ya mkondo, akarudi, na Mama Kamba akaja kukichukua. Pamoja na chakula palikuwa na ndoo ya maji. Ilikuwa ndoo ile ile. Siku ya tisa Mama Kamba alikuja kwa shida, na wifi akaona vipele mikononi mwake. Safari hii wifi hakuondoka. Alibaki hatua ishirini kutoka kwenye jiwe, maji yakimpiga kiunoni, na mpishi wa meli, aliyekuwa amejiburuta mpaka mlangoni mwa banda, aliyasikia maneno yote.

"Wifi," akasema.

Mama Kamba akashika jiwe.

"Wale wanne nimewafungua leo asubuhi. Kamba ipo, mafundo yao hayapo. Ni wangu, nimewachukua. Usiwabebe tena."

Wifi akaendelea, sauti yake ikikwaruza kwa kutozoea, "Kaka yangu nimekuachia. Huyo ni wako pia. Na huyu mtoto, tutamlilia sote wawili. Sikuwa na haki ya kumfanya aondoke."

"Hukumfanya," Mama Kamba akasema.

"Nilimtazama vibaya. Kunywa hayo maji, wifi. Nimeyachota mwenyewe."

Akanywa pale pale, akiwa amesimama ndani ya bahari, na mpishi alisema alikunywa ndoo karibu nzima. Alikufa siku tatu baadaye, mchana, akiwa na miaka arobaini na minne hivi, na alizikwa na mpishi kando ya binti yake. Katika wale kumi na mmoja walipona saba. Kisiwani hakuugua hata mtu mmoja. Siku aliyokufa, wifi alipoona kitambaa kimepandishwa juu ya banda, ishara ya kifo waliyokuwa wamepatana, alipanda mnarani. Kamba ilikuwa bado gatini, kwa hiyo aliishika kengele kwa mikono na kuisukuma, na kwa kuwa hakujua mlio mwingine, ukatoka ule wa sikukuu. Padri hakumkataza.

Kanisa, tuseme ukweli, lilichelewa kumtambua. Wakuu wa bara waliomba ushuhuda wa miujiza, na watu wa kisiwa wakaleta walichokuwa nacho: kwamba kamba ile ya makumbi haijaoza mpaka leo, kwamba wanawake wenye uchungu wa kuzaa huishika na kujifungua salama, kwamba mgomba ule bado unazaa. Yote yameandikwa, na wanaopima mambo hayo wanaendelea kuyapima. Katekista mmoja aliwaandikia kwamba muujiza ni mmoja na hauna mgonjwa ndani yake, lakini barua hiyo haikujibiwa. Mpaka leo, meli ikifika, watu wa kisiwa wanangoja nyuma ya gati mpaka muuguzi ashuke kwanza, kisha ndipo wanapanga mstari na kumpa kila mgeni mkono, hata watoto wa mgongoni. Hawakuacha kupokea wageni. Mama Kamba hakuwafundisha kuogopa watu.

Kamba imetundikwa ukutani upande wa kulia wa altare, na wageni wanaosoma kibao chini yake, kinachosema walikufa themanini na watatu, huhesabu mafundo, wakafika sabini na tisa, wakahesabu upya. Wengine humwendea katekista kumwambia kuna kosa. Yeye huwaongoza karibu, akawaonyesha mahali pane ambapo nyuzi zimelegea na bado zinabeba alama ya kile kilichokuwa kimefungwa. Anayetaka kumfuata Mama Kamba si lazima atafute kisiwa cha wagonjwa. Aanze kwa kujaza ndoo ya yule ambaye yeye mwenyewe alimuumiza, hata kama maji yatamwagwa. Na yule aliyeumizwa, akipita mbele ya kamba ile, atazame pale pane palipolegea, ajiulize kama hana fundo lake ambalo mtu mwingine anatembea nalo mikononi. Tunaomba tupewe sote wawili neema hiyo, mapema kidogo kuliko walivyopewa wao.